Somo: Unakunywa dawa za kifafa na unataka mtoto? Anza kabla ya mimba

Wifi yangu ana kovu kwenye mkono wa kushoto, kutoka kiwiko hadi vidoleni. Alipoona siku zake zimechelewa, jirani alimwambia dawa za kifafa zinaharibu mtoto, naye akavitupa vidonge vyote chooni. Siku ya nne alianguka akipika, mkono ukaingia kwenye mbabula, jiko la makaa.

Jirani hakusema uongo mtupu, na hapo ndipo penye shida. Ziko dawa za kifafa zinazoweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini kuziacha ghafla kunaweza kumuua mama na mtoto pamoja. Mimi ni muuguzi hapa Kadutu, mjini Bukavu, na somo hili ni la dada ambaye hajabeba mimba bado.

Hatua ya 1: Jua jina la dawa yako

Unacheka? Leta kifuko chako. Mara nyingi naletewa kifuko cha nailoni, vidonge vyeupe ndani, juu yake kalamu imeandika "1 asubuhi, 1 jioni", basi. Rudi ulikonunua, uliza jina na miligramu, uandike kwenye daftari.

Jina lina maana kubwa. Valproati, ambayo wengi wanaijua kama Depakine, ndiyo mbaya kuliko zote kwa mimba: kati ya watoto 100 waliokuwa tumboni mama akiinywa, kama 10 huzaliwa na kilema, na 30 hadi 40 huchelewa kusema, kutembea au kujifunza. Kwa mama asiyekunywa dawa yoyote, vilema ni 2 au 3 kwa 100. Fenobabitali, ile ya bei nafuu iliyojaa kwetu, iko katikati, karibu 6 au 7. Karbamazepini iko chini yake kidogo. Lamotrijini na levetirasetamu ndizo zenye amani zaidi, ila kuzipata na kuzilipia ni habari nyingine.

Hatua ya 2: Ona munganga (daktari) ukiwa bado unapanga uzazi

Usingoje CPN, yaani kliniki ya wajawazito. Mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga siku ya 28 hivi tangu mimba itungwe. Wakati wewe unahesabu siku na kujiuliza kama ni malaria, kazi hiyo imekwisha.

Na kubadili dawa si jambo la wiki moja. Lamotrijini hupandishwa polepole kwa wiki nyingi, la sivyo ngozi inaweza kuchubuka vibaya sana. Fenobabitali nayo hupunguzwa kwa miezi. Kwa hiyo jipe nusu mwaka, hata mwaka. Bukavu, wagonjwa wengi wa kifafa wanafuatwa SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili. Usione haya, kwenda kule si kusema una wazimu. Mwambie munganga sentensi moja tu: "Nataka kuzaa mwaka ujao."

Hatua ya 3: Angalia njia ya kupanga uzazi unayotumia

Hili wengi hatuambiwi. Karbamazepini, fenobabitali na fenitoini zinalifanya ini lichome haraka homoni za vidonge na za kijiti cha mkononi. Unadhani umejikinga, kumbe mimba inaingia kabla hujabadili dawa. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi cha shaba vinaendelea kufanya kazi.

Hatua ya 4: Asidi foliki

Ni vitamini inayosaidia ule mfereji wa ubongo na uti wa mgongo kufunga vizuri. Anza miezi 3 kabla ya kutafuta mimba, uendelee hadi wiki ya 12. Kwa anayekunywa dawa za kifafa madaktari wengi huandika miligramu 5 kwa siku. Kile kidonge cha damu cha CPN kwa kawaida kina miligramu 0.4 tu.

Hatua ya 5: Weka akiba

Dawa ya mwezi mmoja mbele, kila mara. Aliyekuwa Bukavu Februari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, haniulizi kwa nini.

Maswali ya wanakikundi

*Yaya, mimi nimechelewa kusoma. Mimba ina miezi miwili na nakunywa Depakine. Niache leo?*

Hapana, mdogo wangu. Kunywa ya leo jioni, kesho asubuhi nenda kwa munganga na kifuko chako. Yeye ndiye atapima kama apunguze au abadilishe. Omba pia ekografia (picha ya mtoto tumboni) karibu na wiki ya 20, waangalie mgongo na moyo. Kumbuka, hata kwa dawa hiyo watoto wengi huzaliwa bila kilema.

*Mama muuguzi, CPN wananipa Fansidar ya kuzuia malaria. Naweza kuichanganya na foliki ya 5?*

Swali zuri. Foliki nyingi hivyo inaidhoofisha Fansidar. Fansidar huanza kutolewa kutoka wiki ya 13, wakati ile ya 5 kwa kawaida imekwisha. Kama bado unaikunywa, waambie kabla hujameza.

*Mimi sina kifafa, nina presha, nakunywa enalaprili. Somo linanihusu?*

Linakuhusu sana. Enalaprili na kaptoprili zinaharibu figo za mtoto, hasa kuanzia mwezi wa nne. Ziko za kubadilisha, kama metildopa au nifedipini. Wewe pia usiache peke yako.

*Mama mkwe anasema nitazaa mtoto wa kifafa, na povu langu litaambukiza nyumba nzima.*

Povu ni mate tu, haliambukizi mtu. Na watoto wengi wa mama mwenye kifafa hawakipati. Mlete mama mkwe kikundini, nitaongea naye mwenyewe, kwa heshima.

*Nikishazaa, nitanyonyesha na hizi dawa?*

Ndiyo, nyonyesha. Ukiwa kwenye fenobabitali, mtazame mtoto: akilala mno na kunyonya kwa uvivu, mlete. Akizaliwa, hakikisha amechomwa vitamini K. Kukosa usingizi kunaleta kuanguka, kwa hiyo usiku mmoja baba abembeleze. Nepi badilishia chini kwenye mkeka, si kitandani. Na kumwogesha kwenye beseni, ngoja mtu mwingine awe nyumbani. Wifi yangu humngoja binti yake mkubwa atoke shule saa saba, ndipo anachota maji.