Namna ya Kuongoza kwa Kutumika: Mwongozo kwa Wazee wa Kanisa na Viongozi wa Jumuiya

Kiongozi mpya huku kusini mwa Tanzania, awe Masasi, Ndanda au Nyangao, ataanza vyema kwa kusoma Yohana 13 polepole kabla hajapanga lolote. Yesu aliondoka mezani, akavua vazi la juu, akajifunga kitambaa na kuwaosha wanafunzi miguu, huku akijua kwamba Baba amempa vyote mikononi mwake. Yuda naye alikuwapo, na hakurukwa. Hapo ndipo wengi wetu hukwama, maana kumtumikia anayetupenda si kazi.

Utumishi huu huanza kwa aliye juu. Masasi ndiko wamisionari wa Kianglikana walikoanzisha makazi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani, kwa hiyo agizo la Marko 10:44, la kuwa mtumwa wa wote, lisisomwe huku kama ruhusa ya kumtwisha mwingine mzigo. Anayeambiwa ni yule anayetaka kuwa wa kwanza.

Chagua basi kazi moja isiyogombewa na mtu, kama vile kuosha choo cha kanisa au kujaza maji ya kunawa. Kwanza muulize anayeifanya siku zote, ambaye mara nyingi ni mama asiyetajwa kwenye matangazo, akuelekeze, kwa sababu kiongozi anayefika na kuanza kuamrisha namna ya kufagia bado hajatumika. Usipigwe picha.

Kipimo chenyewe kiko msibani, ambako kiongozi huwekewa kiti kivulini na kuletewa sahani ya kwanza. Wape pole wafiwa, sali nao, kisha uwafuate vijana makaburini ushike jembe kwa zamu, au, kama mgongo haukuruhusu, ukae na wanaoosha vyombo. Na usile kabla wachimbaji na wapishi hawajala. Wapo watakaokukataza kwa heshima, kama Petro alivyokataa kuoshwa. Wajibu kwa upole, wala usiligeuze jambo hilo kuwa hotuba.

Msimu wa korosho, ukienda kumsaidia mjane kuokota, usiondoke na hata kilo moja. Na fedha za mnada wa korosho zikishaingia, usisome majina ya watoaji kwa kufuata ukubwa wa sadaka.

Jina lako liandikwe kwenye orodha ya zamu ya usafi pamoja na mengine, bila cheo, na ukisafiri, wewe mwenyewe utafute mtu wa kukushikia nafasi.