Ukipewa mashine za masikio usizifungie kabatini

Mimi nimepiga kazi kwenye mashine ya kusaga na kukoboa miaka kumi na moja bila kuziba masikio hata siku moja, na nilivyoanza kuona watu wanaongea kama wana ugali mdomoni nikajua wao ndo wana shida. Kilichonishtua ni sita na tisa. Naenda sokoni, mama wa nyanya ananitajia elfu sita mimi natoa elfu tisa, siku nyingine kinyume chake tunagombana, na haikuwa mara moja wala mbili. Hebu yataje hayo maneno taratibu, sita, tisa. Irabu ni zilezile, i na a, tofauti ni s na t zimebadilishana viti tu, na sauti kama s, t, f, sh, ch zina nguvu ndogo alafu ni nyembamba, na kelele za muda mrefu zinaanza kula huko huko kwenye sauti nyembamba. Kwa hiyo unasikia vizuri tu kwamba mtu anaongea, ila anasema nini ndo hupati.

Mbaya zaidi ilikuwa shikamoo. Vijana wa mtaani wananiamkia napita kimya, siku hizi anaringa huyu, kumbe mwenzenu marahaba sijainyima, hiyo shikamoo yenyewe haikunifikia.

Sasa huu ni mwaka wa sita navaa mashine mbili za kusaidia kusikia, zile za nyuma ya sikio, shimesikio wengine wanaziita. Naandika yale ambayo ningeambiwa siku ya kwanza zisingekaa kabatini miezi minne, maana ndo ilivyokuwa.

Kabla hujatoa hela

Mwambie daktari wa masikio aangalie ndani kwanza. Kuna watu wamenunua mashine kumbe sikio limejaa nta ngumu kama sabuni ya kipande, au lina usaha, na sikio linalotoa usaha halitakiwi kuzibwa na kitu. Na kama sikio limezima ghafla, yani jana lilikuwepo leo halipo, hiyo sio habari ya mashine, nenda hospitali siku hiyohiyo, kuna dawa inayoweza kusaidia ila ukikaa wiki kadhaa ukisema litafunguka lenyewe nafasi inapita.

Baada ya hapo unapimwa kwenye chumba cha kimya, unavishwa hedifoni, unabonyeza kitufe kila ukisikia mlio. Utapewa grafu inayoonyesha kwa desibeli sauti inabidi iwe kubwa kiasi gani ndo uanze kuisikia. Ipige picha ukae nayo kwenye simu, ni yako, na ukihama mji au ukibadilisha mtaalamu huanzi moja. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, chini ya desibeli 20 uko sawa, 20 mpaka 35 umepungukiwa kidogo, 35 mpaka 50 wastani, 50 mpaka 65 wastani kuelekea kubaya, ukipita 65 hali nzito, na 80 kwenda juu ndo huko kwa wanaohitaji mashine zenye nguvu sana au hata upasuaji wa kupandikiza kifaa ndani ya sikio, ambao hospitali ya Muhimbili, Dar, wameuanza 2017. Mimi sikio la kulia lilisoma 55.

Vile vidude vya bei chee vinavyouzwa mtandaoni, vinakuza kila kitu sawasawa, mlango, honi, sahani, mke wako. Mashine iliyosetiwa kwa grafu yako inaongeza pale palipopungua na inazuia sauti kubwa isikupige. Ukiona mtu anakuuzia bila kukupima ondoka. Na kabla hujalipa uliza mambo mawili tu, nikirudi kurekebishwa nalipia tena? na spea zinapatikana hapahapa? Bei ya mashine yenyewe utaisahau, ila kukosa kimrija cha buku mbili, kile kinachopeleka sauti sikioni, miezi miwili huwezi kusahau. Kama masikio yote yamepungua chukua mbili ukiweza, kwa sababu moja haikuambii bodaboda inatokea upande gani, na hilo utalijua katikati ya barabara.

Betri au chaji? Wauzaji wanapenda kukupa za kuchaji kwa sababu ni za kisasa. Mimi kwetu umeme ukiamua unaondoka siku nzima, nikachukua za betri na sijutii. Kama unataka za kuchaji hakikisha unaweza kuchomeka kibweta chake kwenye pawabanki.

Wiki za mwanzo ndo vita yenyewe

Hapa ndo watu wengi wanashindwa. Unavaa, unatoka nje, unasikia ndala zako mwenyewe, pakacha, pakacha, pakacha. Feni inanguruma. Mtoto anakunja mfuko wa rambo unahisi anapasua bati. Sauti yako mwenyewe inatoka kama umeingiza kichwa kwenye ndoo. Siku ya tatu nikavua, nikasema wameniuzia makelele.

Kumbe ubongo ulikuwa umeshasahau hizo sauti, miaka yote hiyo hazikuwa zinafika, sasa zimerudi zote kwa mkupuo na ubongo haujui ipi ni ya kupuuza. Unaufundisha upya kama mgeni aliyehamia karibu na msikiti, wiki ya kwanza adhana ya alfajiri inamtoa kitandani, mwezi wa pili analala tu. Lakini haufundishiki kama unavaa Jumapili kwa Jumapili.

Nilivyoanza upya nilifanya hivi. Asubuhi masaa mawili ndani kwangu, kimya, na mtu mmoja tu wa kuongea naye. Nikaongeza saa moja moja. Nikawa nasoma gazeti kwa sauti ili nizoee sauti yangu. Nikaweka redio taarifa ya habari, sio muziki, kwa sababu mtangazaji anatamka vizuri. Wiki ya pili barazani, ya tatu dukani, sokoni nimeenda mwisho kabisa na hotelini kwenye wali na kelele za masahani nikaenda baada ya hapo. Mpaka mwezi wa tatu nikawa navaa toka naamka mpaka nalala.

Kuna vitu vya kuvumilia na kuna vitu vya kurudi navyo kwa mtaalamu. Makelele vumilia. Kidonda, maumivu, sauti inayokuchoma, hapana, rudi. Na ukirudi usiseme "haisikiki vizuri", hawezi kufanya kitu na hiyo sentensi. Sema "mjukuu wangu nikiwa naye ndani namsikia ila tukiwa kwenye daladala simpati", au "sahani zikigongana naumia". Nilikuwa naandika kwenye kidaftari, naenda na ukurasa mzima, ananirekebishia kwenye kompyuta dakika ishirini tumemaliza.

Kuitunza, na huku pwani jasho ndo adui

Kwanza usichanganye, alama nyekundu ni kulia, bluu kushoto, ni hivyo karibu kwa mashine zote. Asubuhi kabla hujavaa ifumbe mkononi ikiwa imewashwa, ikipiga mluzi ujue iko hai.

Betri zake zinatumia hewa ndo maana zina stika mgongoni. Ukibandua stika usiiweke papohapo, iache mezani dakika tatu hivi ivute hewa ndo uweke, inakaa muda mrefu zaidi. Ukishabandua kurudisha stika hakusaidii, kwa hiyo usibandue akiba. Saizi zina rangi, 10 njano, 312 kahawia, 13 chungwa, 675 bluu, ukimtuma mtu dukani mwambie namba na rangi, na betri ya saa inayofanana nayo sio yenyewe. Usihifadhi kwenye friji. Usiku fungua kile kimlango cha betri, unapunguza matumizi na unyevu unatoka. Na mtoto akimeza betri usisubiri aitoe haja, mkimbize hospitali sasa hivi, inachoma koo ndani ya masaa.

Unyevu. Hapa kwetu Dar mwezi wa tatu unatoka jasho ukiwa umekaa. Vile vipakiti vidogo unavyovikuta kwenye boksi la viatu vipya, vimeandikwa usile, mimi navikusanya, naweka kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, usiku mashine zinalala humo bila betri. Wengine wanaweka mchele, jamani mchele una vumbi, linaingia kwenye maiki. Ukienda kuoga vua. Saluni vua, dawa ya nywele na draya vyote vinaiua. Udhu vua, na usiiweke juu ya ukuta wa bomba kama mimi nilivyofanya, nikamaliza kuswali ndo nakumbuka, nikakuta mtu kaiokota anaiangalia hajui ni nini. Sasa ina kiboksi chake kinakaa mfuko wa shati wenye kifungo.

Nta: futa kila usiku kwa kitambaa kikavu, safisha kwa brashi ndogo huku tundu likitazama chini ili uchafu udondoke nje badala ya kurudi ndani. Usichomeke sindano wala kijiti kwenye spika. Kama yako ina moldi, kile kiziba kinachoingia sikioni kilichochongwa kwa sikio lako, ichomoe kwenye mashine, osha moldi peke yake kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ikauke kabisa, maji yakibaki kwenye mrija sauti inakata. Mrija ukiwa mgumu na wa njano umekwisha, badilisha.

Ikipiga mluzi ukiwa umevaa, mara nyingi haijakaa vizuri, au sikio lina nta, au moldi imekuwa kubwa kwako kwa sababu umepungua mwili. Kina mama wa hijabu na vilemba, kitambaa kizito kikibana juu ya maiki kinapiga mluzi na kusugua krrr krrr siku nzima, jaribu kitambaa chepesi, usikaze sana hapo pembeni. Helmeti ya bodaboda nayo hivyohivyo, mimi nazima nikivaa.

Ikizima kabisa usipande gari kwanza. Betri mpya. Kimlango kimefunga? Kuna nta kwenye tundu? Kuna tone la maji kwenye mrija? Haujabonyeza kitufe cha sauti kwa bahati mbaya? Mara nyingi linaishia hapo.

Simu, TV, msibani

Simu watu wanaiweka kwenye tundu la sikio kwa mazoea. Kwa mashine ya nyuma ya sikio maiki iko juu huko nyuma, kwa hiyo pandisha simu, iinamishe, mpaka usikie sauti inafunguka. Nilipoteza mwaka mzima sijui hili! Kama yako ina bluetooth sauti inakuja moja kwa moja masikioni, ila kabla hujanunua peleka simu yako wakaunganishe ukiona kwa macho, maana sio kila Android inakubali kila mashine.

Kingine ni umbali. Kila ukiongeza umbali mara mbili, sauti inapungua kama desibeli 6. Kwa hiyo kumsogelea mtu kutoka mita mbili mpaka moja ni kama umeongeza volyumu bure, na kelele za pembeni hazijaongezeka. Kanisani, kwenye kikao, msibani, usikae nyuma kwa aibu. Kaa mbele umwone mdomo anayeongea, mgongo wako uelekee kwenye kelele. Kama mfuko unaruhusu kuna maiki ndogo anavaa msemaji shingoni inakurushia wewe, kwa mwanafunzi darasani hiyo inazidi hata kubadilisha mashine. Na uliza kama mashine yako ina T, kile kikoili cha ndani kinachonasa sauti moja kwa moja kutoka kwenye waya maalumu uliozungushwa ukumbini. Huku kwetu sehemu zenye waya wake ni za kuhesabu, ila kama unaenda Uingereza kwa watoto utaona alama ya sikio na herufi T makanisani na kwenye madirisha ya ofisi, washa hapo, mtu anaongea kama yuko ndani ya kichwa chako.

Na simu janja yenyewe ni msaada. Google waliweka kuandika kwa sauti kwa Kiswahili toka 2017, kwa hiyo fungua sehemu ya ujumbe, bonyeza kile kimaiki, msogezee mtu aongee, unasoma. Inakosea, majina ya watu inayaua kabisa, lakini kwenye dirisha la benki imeniokoa. Weka taa ya simu iwake ikiita, na alamu ya mtetemo chini ya mto, maana usiku mashine umevua. Sauti ndefu za WhatsApp mimi nimewaambia ndugu zangu waandike, asiyetaka kuandika apige.

Watu wa nyumbani nao wana somo. Taja jina langu kwanza nigeuke ndo uanze kuongea. Usiongelee jikoni mimi niko sebuleni. Usipige kelele, ukipiga kelele mdomo unabadilika umbo na mimi nausoma. Nisipopata mara mbili badilisha maneno, badala ya "elfu sita" sema "elfu tano na buku". Na lile neno "basi achana nayo, haina maana", naomba life. Bora uniambie hiyo isiyo na maana.

Ukipata mashine mpya ile ya zamani usiitupe wala usimpe jirani avae hivihivi, imesetiwa kwa sikio lako. Itoe betri, iweke kwenye kopo na vipakiti vyake, siku hii mpya iko kwa fundi utavaa hiyo. Kama kuna mwenye shida kweli mpeleke nayo kwa mtaalamu apimwe kwanza, isetiwe upya, achongewe moldi yake. Na kama mnafuga mbwa kopo likae juu, mbwa anapenda sana kuzitafuna hizi.