Somo: Kumlinda Paka Dhidi ya Mapambo ya Sikukuu

Wafugaji wengi huogopa mti wa Krismasi kuanguka, ilhali pambo la hatari zaidi ni uzi mwepesi unaoning'inia juu yake. Kwa hiyo tuanze na huo.

Hatua ya kwanza: ondoa kila kinachofanana na uzi. Nyuzi za kung'aa na riboni za zawadi humvutia paka kwa sababu huchezacheza kama mdudu anayetoroka. Ulimi wake una vimiba vilivyoelekea kooni, hivyo akishaulamba uzi ni vigumu kuutema. Ncha moja ikinasa chini ya ulimi au kwenye njia ya kutokea tumboni, utumbo huendelea kuisukuma ncha ya pili, hujikunja na kujikusanya juu ya uzi, hata uzi uliokazika ukaweza kuukata ukuta wake. Hapo mara nyingi tiba huwa upasuaji. Naamini nyuzi za kung'aa hazifai kabisa katika nyumba yenye paka, hata zikitundikwa juu, kwa kuwa hudondoka moja moja. Riboni nazo zitupwe kwenye pipa lenye mfuniko mara tu zawadi zinapofunguliwa.

Hatua ya pili: imarisha mti. Uwe na kitako kizito, ufungwe ukutani, na usikae karibu na kabati ambalo paka anaweza kurukia kutoka hapo. Mapambo ya kioo yawekwe juu, ya kitambaa au mbao yawe chini. Yale yaliyofinyangwa kwa unga na chumvi yasitumike, maana paka akiyala chumvi hiyo humdhuru vibaya.

Hatua ya tatu: umeme na moto. Pitisha waya za taa ndani ya bomba la plastiki na uzichomoe unapotoka au kulala. Mishumaa ya betri ni salama kuliko ya moto, ili mradi kifuniko cha betri kimekazwa kwa skrubu, kwani betri bapa ikimezwa huunguza koo ndani ya muda mfupi.

Hatua ya nne: maua. Mayungiyungi halisi, yaani jamii ya Lilium, yasiingie nyumbani. Petali, majani, chavua na hata maji ya chombo chake huharibu figo za paka.

Maswali ya wanachama

Swali: Uzi unachungulia kwenye njia ya haja kubwa ya paka wangu. Je, niuvute?

Jibu: Usiuvute, kwa maana huenda ncha ya pili imenasa ndani. Mzuie asiulambe, usimpe mafuta wala dawa ya kuharisha, na umpeleke kwa daktari wa mifugo mara moja.

Swali: Chavua ya yungiyungi imemdondokea manyoyani, lakini hajala ua lenyewe. Nisubiri dalili?

Jibu: Tafadhali usisubiri. Atajilamba, na figo zinaweza kushindwa kazi ndani ya siku 1 hadi 3. Ifute chavua kwa kitambaa chenye maji, kisha mwondoke kwenda kwa daktari hata kama anaonekana mzima.

Swali: Aliuma waya wa taa jana, na leo anakula vizuri. Kuna haja ya kumpima?

Jibu: Ndiyo, apimwe leo. Maji yanaweza kujaa mapafuni saa kadhaa baada ya kupigwa na umeme. Akianza kuhema haraka au kupumua kwa mdomo, hiyo ni dharura.