Vitwitwi na sululu wa Mikindani: panga safari kwa kufuata kupwa na kujaa kwa maji

Ukifika Mikindani, Mombasa, asubuhi kutazama ndege hawa wa ufuoni utaambulia vivuli. Ufuo huo unatazama mashariki, ng'ambo ya mkono wa bahari wa Tudor, na jua linakupiga machoni.

1. Chagua bamvua, siku ambazo maji hupwa na kujaa kupita kawaida: mwezi mwandamo au mpevu, na siku mbili tatu baadaye. Hapo maji hupwa kabisa karibu saa nne au tano asubuhi na kujaa saa kumi au kumi na moja jioni. Hakikisha kwenye jedwali la maji la bandari ya Kilindini. Maji mafu, yanayopwa kidogo tu, hayafai, tope halifunguki vya kutosha.

2. Uwe umekaa saa saba na nusu. Maji yakiwa yamepwa, ndege wametawanyika mbali. Yakipanda huwasukuma waje kwako, na jua limeshahamia mgongoni. Kufikia saa tisa unusu wengi wamekwenda kutua mikokoni.

3. Usishuke topeni. Utazama, na kundi zima litapaa. Darubini ya mkononi ya 8x42 (inakuza mara 8) yatosha. Ya stendi iache ikuze mara 20 au 25; ukivuta hadi 60, mvuke wa joto humtikisa ndege hata mdomo usionekane.

4. Rangi iwe ya mwisho. Kuanzia Septemba wengi wana kijivu kilekile, kwa hiyo tazama mdomo na ulaji. Kitwitwi hukimbia hatua chache, husimama, hudona. Sululu ana mdomo uliopinda chini kama sululu ya kuchimbia: humchomoa kaa shimoni, humtikisa mpaka miguu imdondoke, humsuuza majini, ndipo ammeze. Huyu mpe dakika zako kumi.

5. Kukadiria kundi, hesabu ndege kumi, pima kwa jicho nafasi waliyochukua, kisha ipitishe juu ya kundi. Wakiruka katikati ya hesabu, anza upya, la sivyo utawahesabu mara mbili.

Swali: Shikamoo mwalimu. Kitwitwi-mchanga mkubwa na mdogo, aina mbili zinazofanana, wananichanganya.
Jibu: Marahaba. Pima mdomo kwa uso wake mwenyewe. Wa mkubwa ni mrefu kuliko umbali wa kutoka shina la mdomo hadi nyuma ya jicho. Akiwa mbali andika "kitwitwi-mchanga" tu. Kubahatisha kunaharibu rekodi ya wote.

Swali: Juni nije, au nitapoteza nauli?
Jibu: Njoo, dada, ila usitarajie makundi. Ndege wazima huondoka kufikia Aprili kwenda kutaga kaskazini, hadi Siberia. Baadhi ya makinda ya mwaka uliopita hubaki, na yangeyange wapo mwaka mzima.