Kutibiwa uraibu ughaibuni: kulazwa, au kwenda kliniki na kurudi nyumbani?

Mwenzetu akizidiwa na pombe au unga huku ughaibuni, neno la kwanza kwenye kikundi cha WhatsApp ni "apelekwe rehabu". La pili ni mchango. Nia ni njema, ila swali la kutangulia limerukwa: akiacha leo hii, mwili wake utafanya nini? Jibu la swali hilo ndilo la kuanzia, si ukubwa wa aibu wala wingi wa fedha zilizochangwa.

Tuanze na pombe, maana ndiyo inayodharauliwa. Mtu aliyekunywa kila siku kwa muda mrefu akikatisha ghafla, saa chache baadaye huanza kutetemeka, kutoka jasho na kukosa utulivu. Kifafa kinaweza kumwangusha ndani ya siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kuona visivyokuwepo, moyo kwenda mbio na homa kupanda, na hapo watu hufa. Vidonge vya kutuliza na kuleta usingizi vya jamii ya diazepamu navyo havikatishwi ghafla. Kwa hiyo kumfungia ndugu chumbani wikendi nzima, maji pembeni na maombi mlangoni, ni hatari hata kama mnampenda. Kama hunywa asubuhi ili mikono itulie, au aliwahi kuanguka kifafa alipojaribu kuacha, mpelekeni hospitali. Atapewa dawa za kumshusha polepole, pamoja na vitamini B1.

Arosto ya heroini, yaani maumivu ya kuikosa, ni mateso, lakini kwa kawaida si yenyewe inayoua. Kinachoua ni kurudia. Mwili ukishakaa bila heroini kwa siku kadhaa hauwezi tena kubeba kipimo cha zamani. Mtu anatumia kiasi kile kile alichozoea na pumzi inakata. Ndiyo maana wiki za kwanza baada ya kutoka rehabu, au jela, ndizo za kuogopwa zaidi.

Kulazwa kunawafaa hasa wasio na makazi, wanaoishi nyumba moja na watumiaji wenzao, wenye maradhi mengine mazito ya mwili au akili, na waliokwisha kujaribu njia nyingine bila mafanikio. Wengine wengi hutibika wakitokea nyumbani, na kwa maoni yangu jamii zetu zinaidharau njia hii bila sababu. Unaweza kwenda kwa mshauri mara moja au mbili kwa wiki. Kuna pia programu nzito: kwa vipimo vya Marekani, mtu mzima huhudhuria saa 9 au zaidi kwa wiki, na ngazi ya juu yake ni saa 20 na kuendelea, huku akilala kwake. Zipo za jioni, kwa hiyo kazi haipotei.

Dawa nazo zisibezwe. Methadoni na buprenofini, dawa za kutibu uraibu wa heroini, ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005, na hupunguza vifo. Anayesema "ni kubadilisha ulevi kwa ulevi" haelewi kwamba mgonjwa wa methadoni anaamka, anakwenda kazini na kulea wanawe. Kwa pombe kuna naltreksoni na akamprosati. Kituo cha kulaza kikikataza dawa hizi, ulizeni kwa nini kabla ya kusaini chochote.

Pa kubisha hodi: Uingereza, anza kwa daktari wako wa kawaida au nenda mwenyewe kwenye huduma ya uraibu ya eneo lako; matibabu ya NHS, huduma ya afya ya umma, ni bure, ila kulazwa hupitia tathmini na mara nyingi husubiriwa. Marekani, piga 1-800-662-4357, simu ya bure ya serikali inayopokelewa saa 24 bila kumtangaza mtu. Ukipiga kituo chenyewe utaulizwa unatumia nini, kiasi gani, mara ya mwisho lini, umewahi kupata kifafa, unameza dawa gani, una bima ipi. Andika majibu kabla, kwa sababu siku hiyo akili haitatulia. Lugha ikikukwaza omba mkalimani; Marekani, hospitali zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho zinapaswa kukupa bila malipo. Usimfanye mtoto wako akutafsirie mambo haya.

Anayekuahidi tiketi ya ndege na chumba cha bure mradi una bima nzuri, mkimbie. Kuuza wagonjwa ni biashara inayojulikana Marekani, na tangu 2018 sheria ya shirikisho inaadhibu malipo ya kumpeleka mtu kwenye kituo. Hakiki leseni kwa mamlaka ya jimbo.

Halafu hofu ya karatasi. Marekani, kumbukumbu za matibabu ya uraibu zina ulinzi wa pekee katika sheria za shirikisho, na kutafuta tiba si kosa. Lakini uchunguzi wa kiafya wa grini kadi huuliza kuhusu dawa za kulevya, na bangi inaweza kukuharibia mambo ya uhamiaji hata kwenye jimbo linaloiruhusu. Onana na wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu, usidanganye, na usiahirishe tiba kwa kusubiri karatasi.

Wapo wanaoona dawa ni kumrudisha nyumbani akatulie. Kama yuko kwenye methadoni, kliniki ijue mapema sana, na kliniki ya kumpokea huko ithibitishwe kabla ya tiketi. Tanzania bara ilianza kutoa methadoni Muhimbili mwaka 2011, lakini si kila mji una huduma hiyo.

Kwa anayetumia heroini au vidonge vya mtaani, nyumbani kuwe na naloksoni ya kupuliza puani, dawa inayomrudishia pumzi aliyezidisha kipimo. Marekani huuzwa bila cheti cha daktari tangu 2023. Ukimkuta haamki na pumzi ni hafifu, puliza, piga simu ya dharura, mlaze ubavu akiwa anapumua. Asipoamka baada ya dakika mbili au tatu, puliza nyingine. Akiamka msimwache peke yake, kwa sababu naloksoni huisha nguvu mapema na usingizi ule unaweza kumrudia.