Somo: Kupima kimo cha wingu ukiwa ndegeni, upepo ukiwemo kwenye hesabu

Hesabu ya picha mbili wengi mnaijua: unalipiga wingu picha mara mbili ndege ikisonga, na pembe zake zinakupa kimo. Tatizo lake ni kwamba inachukulia wingu limesimama.

Januari na Februari 2020, ndege ya utafiti ya Ujerumani, HALO, ilizunguka mashariki mwa Barbados katika EUREC4A, kampeni ya kuchunguza mawingu, kamera zake zikitazama chini kwenye mawingu madogo yanayosukumwa na upepo wa mashariki. Nitatumia mazingira hayo, ila tarakimu ni za mfano.

1. Chagua alama moja juu ya wingu, yenye ukingo unaoonekana vizuri. Ipige picha ikiwa mbele yako, kisha ikiwa nyuma. Kila mara andika saa na pembe yake kutoka mstari wa wima.

2. Zidisha kasi ya ndege juu ya ardhi kwa muda uliopita. Mita 200 kwa sekunde, kwa sekunde 20: mita 4,000.

3. Gawanya kwa jumla ya tanjenti za pembe mbili. Jibu ni umbali wa wima hadi kwenye wingu. Litoe kwenye mwinuko wa ndege.

4. Sasa upepo. Ndege iko mita 10,000, wingu mita 2,000, na linakuja kukukabili kwa mita 10 kwa sekunde. Tanjenti zitajumlika 0.525. Gawanya 4,000 kwa hiyo uone: unapata 7,619, yaani wingu "liko" mita 2,381. Geuza ndege, uende na upepo, tanjenti zitajumlika 0.475, na wingu lilelile litashuka hadi 1,579! Kwa hiyo kabla ya kugawanya, ongeza mwendo wa wingu (mita 200) ukiwa unakabili upepo. Ukienda nao, utoe. 4,200 kwa 0.525 ni 8,000 kamili, yaani wingu liko mita 2,000. Upepo wa ubavuni hauharibu kimo.

5. Upepo unaotakiwa ni wa pale wingu lilipo, na hapo ndipo bado hujapajua. Kisia kimo, chukua upepo wake kutoka vipimo vinavyodondoshwa na ndege, piga hesabu, kisha rudia kwa kimo kipya mpaka jibu litulie. Ukiwa na laida (kifaa kinachopima umbali kwa mwanga wa leza), linganisha. Yenyewe haijali upepo.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nikipiga picha kila baada ya sekunde 2, wingu si halitapata muda wa kusogea?*
Litasogea kidogo, na ndege nayo kidogo, kwa uwiano uleule. Kosa la upepo linabaki palepale, na la kusoma pembe linakua. Faida ni moja tu: wingu linalochipuka halitabadilika sura.

*Kwa nini nisitumie kasi ya ndege ndani ya hewa?*
Inafaa kama upepo ulipo wewe ndio ulio kwenye wingu. Barbados msimu huo, chini unavuma wa mashariki, lakini kilomita 10 juu mara nyingi ni wa magharibi. Utazidisha kosa.

*Na kivuli chake baharini?*
Hicho nakipenda, maana picha ni moja na upepo hauna nafasi. Wingu likiwa chini yako wima, pima umbali hadi kivuli, zidisha kwa tanjenti ya pembe ya jua kutoka upeo. Hakikisha tu kivuli ni cha wingu hilohilo.