Somo: Kurudisha bustani ya mboga iliyomezwa na majani, kabla ya masika

Bustani yangu hapa Morogoro ililala misimu miwili nilipokuwa namuuguza mama. Niliporudi Januari, majani yalikuwa yamenifika kiunoni, na chini yake ndago tupu, lile gugu lenye viazi vidogo ardhini. Kama na yako iko hivyo, anza sasa. Masika yanaingia Machi, na jua hili la kiangazi ndilo litakalokusaidia kuliko kibarua yeyote.

Kwanza, fyeka. Usilime. Wengi wetu tunaharibu hapa, tukiona pori mkono unakimbilia jembe. Chukua panga au fyekeo, vaa mabuti, anzia ukingoni huku ukigonga mbele yako kwa fimbo, maana nyoka hupenda kivuli hicho. Majani yenye mbegu zilizokomaa, hasa kishona nguo, yatie kwenye gunia yasikupukutikie hapo hapo. Enda taratibu, kuna vya kuokoa. Mimi nilikuta mchaichai, mnavu, na matembele yaliyokuwa yakitambaa kimya kimya chini ya nyasi.

Pili, ndago. Kazi yenyewe ni hii. Ukiing'oa kwa mkono inakuachia majani, mwenyewe anabaki chini. Zamisha jembe uma pembeni yake, inua bonge, kisha lipondeponde kwa vidole. Utaona mzizi mwembamba mgumu kama uzi, mwisho wake kiazi kidogo cheusi, saizi ya punje ya karanga. Fuata: uzi mwingine, kiazi kingine, mpaka umeshika mnyororo mzima. Kivunje kimoja, ndani ni cheupe, na kina harufu kama ya dawa.

Kila kiazi kinaweza kuota peke yake. Mnyororo ukiwa mzima, vingi hulala. Jembe la kawaida likiukatakata, vyote vinaamka, ndiyo maana mtu analima leo na baada ya siku kumi anaona ndago nyingi kuliko za mwanzo. Okota viazi kwenye ndoo, vianike juu ya bati wiki mbili hivi mpaka visinyae. Vingi viko sentimita 15 za juu, kwa hiyo huhitaji kuchimba shimo. Mimi nilifanya kipande cha mita 2 kwa 3 kila asubuhi, basi. Kwingine niliendelea kufyeka tu majani yasitoe mbegu.

Tatu, yaache magugu yaliyobaki yaote. Mwagilia, au ngoja mvua ya kwanza. Mbegu zilizolala zitaota. Zikiwa na majani mawili matatu, parua juujuu kwa jembe dogo bila kupindua udongo, ukipindua unapandisha mbegu nyingine. Ukipata nafasi, rudia mara ya pili. Najua inauma kuona mvua inanyesha na wewe hujapanda, lakini vumilia siku kumi hivi.

Nne, matuta na mbegu. Upana mita 1, ufikie katikati bila kukanyaga. Samadi iliyooza vizuri, debe moja kwa mita ya mraba. Mbichi italeta magugu mapya. Anza na matembele au kunde, kwa sababu ndago inapenda jua na kivuli kinaidhoofisha. Karoti na vitunguu viache msimu huu. Majani yake hayafuniki ardhi, utapalilia mpaka ukate tamaa.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mama. Niko Tanga. Je, nikichoma moto si rahisi zaidi?*
Marahaba mwanangu. Moto unakula majani ya juu na ile mboji ambayo udongo unaihitaji. Ndago iko chini, haiguswi. Wiki moja tu utaiona inachomoza kwenye majivu.

*Dada, na dawa ya kuua magugu?*
Ya glaifoseti inashuka mpaka kwenye kiazi chenye jani bichi, lakini vile vilivyolala havipati kitu. Na bustani ya nyumbani ina watoto na kuku. Mimi siitumii.

*Nimefunika tuta kwa nailoni nyeusi, ndago imetoboa! Nifanyeje?*
Pole sana. Ncha yake ni kali kama sindano, nailoni nyembamba haiiwezi. Itoe, chimbua kama nilivyoeleza, kisha panda matembele mapema.

*Habari dada, niko Birmingham, Uingereza. Nimepewa kiplot kimejaa nyasi, ni Machi na udongo umelowa. Nianze?*
Karibu sana. Finyanga udongo kiganjani. Ukibaki donge la kunata, usiingie, utaushindilia. Fyeka, funika sehemu kubwa kwa maboksi mazito yasiyo na utepe wa plastiki, na uweke mboji juu. Chimbua kona moja tu, utoe mizizi myeupe ya nyasi yote, halafu Aprili panda viazi mviringo hapo.

*Hizo ndago nizitupe kwenye shimo la mboji?*
Hapana, zitaota humo humo. Zikishakauka kabisa kwenye bati, zichome jikoni pamoja na kuni.